Weupe wa Fuvu la Kalenga

Kalenga ipo jirani na mji wa Iringa, kando ya Ruaha Mdogo. Katika jumba dogo la makumbusho, fuvu la Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe, limewekwa ndani ya kasha la kioo. Halina weupe wa chokaa. Weupe wake umechujuka, ukielekea umanjano wa pembe ya ndovu iliyokaa miaka mingi.

Rangi hiyo haimtambulishi mtu. Mfupa uliozikwa hunywa rangi ya udongo, na uliotunzwa kabatini hubadilishwa na mwanga, vumbi na mikono ya watu. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipofika katika makumbusho ya Bremen, Ujerumani, mwaka 1953 kulitafuta fuvu la Mkwawa, alikuta mafuvu yapata 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akatenga yale yaliyokaribiana kwa vipimo na vichwa vya jamaa za Mkwawa waliokuwa hai. Katika hayo, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Akalichagua hilo.

Tundu lina maana yake. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Ilikuwa imepita karibu miaka saba tangu Wahehe walivunje jeshi la Kijerumani la Zelewski pale Lugalo, na karibu minne tangu Wajerumani waiteke Kalenga. Wakamkata kichwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikikabidhi ndani ya miezi sita. Iringa ilingoja miaka 35: Juni 19, 1954, Twining alimkabidhi fuvu Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Mwili wenyewe ulibaki Mlambalasi, mbele zaidi ya Kalenga, mahali penye miamba ambapo wanaakiolojia wamefukua pia mifupa ya watu wa Zama za Mawe.

Wanahistoria kadhaa wana shaka na uchaguzi wa Twining, nami naiona shaka hiyo kuwa ya haki. Vipimo vya kichwa ni ushahidi dhaifu. Watu wengi hulingana. Leo vipo vinasaba: mwaka 2023 watafiti wa Berlin walitumia njia hiyo kuoanisha mafuvu yaliyochukuliwa enzi za ukoloni na ndugu walio hai Tanzania. Fuvu la Kalenga linaweza kupimwa vivyo hivyo, lakini wa kuamua ni ukoo wa Mkwawa, na wala usiharakishwe.