Uagizaji wa Bidhaa Rwanda na Burundi: Namna ya Kusoma Takwimu katika Njia Panda ya Tabora

Tabora imekuwa njia panda ya biashara tangu karne ya 19. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipofika Unyanyembe iligawanyika: mingine ilielekea Ujiji, na mingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Kila bidhaa ya nje ilikuwa na kipimo chake: merikani na kaniki kwa doti, shanga na nyaya za shaba kwa frasila.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Leo shehena ya reli ya Burundi huelekea Bandari ya Kigoma, na ile ya Rwanda hushushwa Bandari Kavu ya Isaka, wilayani Kahama. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mizigo ya nchi hizo husafiri kwa malori kutoka Dar es Salaam.

Rwanda na Burundi zinakaribiana kwa eneo na idadi ya watu, na zote zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2005, thamani ya bidhaa zilizoagizwa na Rwanda ilikuwa haijafika dola za Marekani milioni 500, na za Burundi haijafika milioni 300. Kufikia mwaka 2014, Rwanda ilikuwa imevuka dola bilioni 2 ilhali Burundi ilikuwa bado chini ya bilioni 1. Mwaka 2021 Burundi ilivuka bilioni 1 kwa kiasi kidogo. Rwanda ilikuwa juu ya bilioni 3.

Kwa kuwa nchi zote mbili hutumia ushuru wa pamoja wa forodha, tofauti hiyo haielezwi na viwango vya ushuru. Burundi iliwekewa vikwazo vya kiuchumi na majirani kati ya mwaka 1996 na 1999. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015, misaada ya wahisani ilipungua na fedha za kigeni za kununulia mafuta na bidhaa nyingine zikaadimika.

Msomaji wa takwimu hizi anashauriwa kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, kipimo. Bei ya mafuta ikipanda, thamani huongezeka hata kama tani hazijaongezeka. Mapato ya reli na vibarua wa bandarini hutegemea tani.

Pili, mwaka wa kuanzia. Ukianza kuhesabu Burundi mwaka 2016, ahueni itaonekana kama ukuaji mkubwa. Ndivyo ilivyo kwa Rwanda ukianza mwaka 1994.

Tatu, njia. Rwanda hutumia pia Bandari ya Mombasa, hivyo ongezeko la uagizaji Kigali si lazima lionekane Isaka. Burundi hutegemea zaidi Dar es Salaam. Uagizaji wake ukishuka, athari hufika mapema Ushoroba wa Kati.

Mambo haya yana uzito kwa sasa. Mikataba ya ujenzi wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora ilisainiwa mwaka 2021, na ya vipande vya Tabora–Isaka na Tabora–Kigoma mwaka 2022. Mfanyabiashara anayepanga kujenga ghala au kununua lori katika mojawapo ya matawi hayo anapaswa kuulizia tani zinazopita kwenye tawi hilo kwa miaka kadhaa mfululizo, kabla ya kutazama thamani ya jumla ya uagizaji wa nchi jirani.