Istilahi za Theluji na Dhoruba ya Mwaka 1888

Mfasiri akutanapo na habari za dhoruba ya theluji, aghalabu huhangaikia tarakimu na kukisahau kile kilichopimwa. Tuchukue dhoruba iliyoipiga kaskazini-mashariki ya Marekani tarehe 11 hadi 14 Machi 1888. Mji wa New York ulipata inchi 21, yaani sentimita 53 hivi; New Haven kama inchi 45; na Saratoga Springs, ulio bara, inchi 58. Watu wapatao 400 walifariki, takriban nusu yao mjini New York.

Je, tarakimu hizo zalinganishika? Kwa kina, ndiyo, ingawa hata hapo upepo ulileta taabu, maana ulifagia uwanja mmoja ukawa mtupu na kurundika theluji mwingine hadi madirisha ya orofa. Ndiyo sababu mpimaji hutafuta mahali palipokingwa na kuchukua wastani wa vipimo kadhaa. Kwa uzito, la. Theluji iangukayo penye hewa inayokaribia nyuzi sifuri za sentigredi hushikamana na kufinyangika kama udongo. Ile ya baridi kali ni nyepesi kama unga, nayo hupeperuka. Sentimita 50 za ile ya kwanza zikiyeyushwa zaweza kutoa sentimita 10 za maji. Za pili, sentimita mbili na nusu tu. Basi kila mita moja ya mraba ya paa hulemewa na kilo 100 huku, na kilo 25 kule, na kina ni kile kile. Aandikaye “sentimita 50 za theluji” bila kuongeza neno hajamwambia mwenye nyumba kama paa lake litastahimili. Nao wasemaji wa Kiswahili waishio Kanada na Marekani wana mapaa ya namna hiyo.

Msamiati wetu katika jambo hili ni mchache, wala si ajabu. Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann alipouona weupe wa Kilimanjaro, kiongozi wake aliuita “baridi” tu: alitaja kinachohisiwa, si kinachoonekana. (Mwanajiografia Cooley, akiwa London, hakukubali kabisa kwamba kuna theluji karibu na ikweta.) Neno theluji tulilipata kwa Waarabu, ambao kwao lina maana ya theluji na barafu pia, na barafu lina asili ya Kiajemi, ambako maana yake hasa ni theluji! Kiswahili ndicho kilichoyagawia maneno hayo kazi mbili, na mgawanyo huo twafaa kuulinda, japokuwa mazungumzo ya kila siku huuvunja.

Tunapendekeza, basi, theluji chepechepe kwa ile nzito na theluji unga kwa ile kavu. Kina cha theluji kwa kipimo cha rula, na kimo cha maji kwa kipimo cha baada ya kuyeyusha. Lundo la upepo kwa ile iliyokusanywa na upepo. Zipo pia punje ngumu ziangukazo wakati matone yanapoganda yakipita katika hewa baridi iliyo karibu na ardhi. Hizo tuziite chembe za barafu. Baadhi ya wafasiri huziita mvua ya mawe, lakini mvua ya mawe huzaliwa katika mawingu ya radi, na mkulima wa Njombe aijua vizuri.