Kutoka CD ya posta hadi npm

Wadau, mnisamehe kwa kimya. Wiki jana nilikuwa Wote, Makueni, nikiandaa tarakilishi ili nianze kuchangia Lit, maktaba huria ya kuundia vijenzi vya wavuti, yaani vitufe, menyu na vipande vingine unavyotumia tena na tena kwenye kurasa. Kazi yenyewe ni amri tatu tu: git clone, npm ci, npm run build. Bando likaniishia kwenye ya pili!

Basi, turudi nyuma kidogo.

Kabla ya 2009, Kenya ilifika ng'ambo kwa setilaiti: ghali, tena polepole. Kwa hiyo programu huria zilisafiri kwa CD. Kuanzia 2005 Canonical iliwatumia watu CD za Ubuntu kwa posta, bure, hadi 2011. CD moja ikipita mkono kwa mkono, darasa zima lilipata mfumo.

Mwaka 2009 kebo za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa. Mwaka huohuo Ryan Dahl alitoa Node.js, na npm ikafuata 2010. Mwaka 2011 Alex Russell alieleza wazo la vijenzi vya wavuti. 2013 Google ikaonyesha Polymer, na Lit ni mzao wake.

Kebo zilitusaidia sana, sikatai. Lakini zana za siku hizi hudhani intaneti haikatiki, na kila mtu hushusha mzigo uleule peke yake. Msimbo ni bure. Kiingilio ni bando. Mwanafunzi asiye nalo hata hafiki mlangoni.

Dawa ninayo. Nilinunua bando jingine, nikamaliza kushusha, kisha nikanakili mradi pamoja na folda ya .npm kwenye flashi. (Ukianza upya, git clone --depth 1 huchukua toleo la mwisho tu, bila historia yote.) Nikapanda matatu hadi Kitui kwa rafiki yangu. Sote tunatumia Linux, kwa hiyo alibandika folda ile kwake, akaandika npm ci --prefer-offline. Karibu kila kitu kikatoka kwenye flashi.

Ni ile CD ya 2005, imebadilisha umbo tu. Kwa hiyo ukishashusha, usikae nayo peke yako: mpitishie jirani.

Haya, tuonane wiki ijayo.