Bustani ya paka



Ukipita Darajani sokoni, utawaona paka wamekaa wakisubiri matumbo ya samaki. Usiwaone kero. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta Unguja Ukuu mifupa ya panya weusi walioletwa na vyombo vya biashara zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Penye nafaka na panya, paka ni mlinzi asiyelipwa.

Sasa sikiliza kisa cha Misri. Karne ya 13, Sultani Baybars aliweka wakfu bustani mjini Cairo kwa ajili ya paka. Miaka ikapita, bustani ikauzwa na kuuzwa tena, ikachakaa, pato likabaki kidogo mno. Je, paka waliachwa? La. Kadhi, kwa kuwa ndiye msimamizi wa wakfu, akaubeba mzigo. Miaka ya 1830 Mwingereza Edward Lane aliandika kwamba kila alasiri mabaki ya nyama yaliletwa uani mwa mahakama, paka wakala.

Mali ilipungua, amana ikabaki.

Na sisi Mji Mkongwe? Mwanamke aliyetajwa na Mtume (s.a.w.) kuwa aliingia motoni kwa sababu ya paka, alimfungia akamnyima chakula mpaka akafa. Sembuse anayetega sumu!

Paka wa mtaani, mwenyewe ni mtaa mzima. Weka maji kivulini. Toa mabaki yasiyooza, wala usiyamwage mlangoni kwa jirani.

Mwenyezi Mungu atujaalie huruma. Amin.