Askari 11 waliozama na ndege yao Hansa

MACHI 11, 1944, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, aina ya B-24, ilitunguliwa juu ya ghuba ya Hansa, pwani ya kaskazini ya kisiwa cha New Guinea, ikiwa na askari 11. Iliitwa Heaven Can Wait, yaani Pepo Yaweza Kungoja, jina la mzaha ambalo leo linatia simanzi. Ilikuwa imetumwa kushambulia mizinga ya Wajapani. Ilipopigwa ilishika moto, ikaporomoka baharini. Ndege nyingine zilizunguka zikitafuta manusura, zisimwone hata mmoja.

Baada ya vita jeshi lilitafuta mabaki bila mafanikio. Huko Livermore, California, familia ya Thomas Kelly, mdondosha mabomu aliyekuwa na umri wa miaka 21, iliweka jiwe la ukumbusho lenye mchoro wa ndege, lakini chini yake hapakuwa na mtu. Mke wa rubani, Herbert Tennyson, aliishi hadi miaka 96 bila kuolewa tena.

Mwaka 2013 jamaa mmoja wa Kelly alianza kukusanya nyaraka za kijeshi na maelezo ya walioshuhudia ajali. Maelezo hayo yalilisaidia shirika la Project Recover, ambalo Oktoba 2017 lilipekua takriban kilometa za mraba 27 za sakafu ya bahari kwa mitambo ya mawimbi ya sauti, likaiona ndege katika kina cha zaidi ya meta 60.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Katika kina hicho mzamiaji wa kawaida hawezi kukaa muda mrefu, hivyo mwaka 2023 wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji la Marekani walishushwa ndani ya chombo maalumu chenye hewa iliyoshindiliwa. Wakapata mifupa. Wakapata pia pete ya Kelly, kito chake kimepotea lakini neno linalotaja kazi yake likisomeka, na kibati cha utambulisho cha mtu wa redio, Eugene Darrigan, kilichokuwa bado na jina la mkewe.

Vipimo vya meno na vinasaba viliwatambua wanne: Kelly, Tennyson, Darrigan na mwongoza njia Donald Sheppick. Darrigan na Kelly walizikwa kwao Mei 2025. Wenzao saba walikuwa bado hawajatambuliwa.