Mgeni wa Kununua

Wazee wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tangu utotoni, na kwa miaka mingi niliiamini bila kuihoji, kama mtu anavyoamini kwamba baada ya kaskazi itavuma kusi. Siku niliyoanza kuitilia shaka ni siku mpwa wangu aliponijia barazani, akaniamkia, akazungumza habari za mvua na za ndugu, kisha akaniomba nimkopeshe shilingi laki tatu.

Mpwa wangu ana nyumba ya kulala wageni pale Kilwa Masoko. Ni nyumba ya vyumba sita, mashuka yake ni safi, na uani kuna mwembe wa kupumzikia. Fedha hakuzitaka za bati wala za magodoro. Alitaka kutangaza katika intaneti. "Mjomba," alinieleza, "mtu akiandika neno Kilwa katika simu yake, jina la nyumba yangu litatokea juu kabisa. Akilipita, silipi kitu. Akilibofya akaingia kutazama, ndipo ninapokatwa." Nikamjibu kwa methali ile. Naye akanijibu kwa adabu, kwa usemi wa siku hizi, kwamba biashara ni matangazo.

Fedha nilimpa, lakini jibu sikuwa nalo. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta, na kwa kuwa mambo ya kale nayajua kuliko mambo ya simu, nimelitafuta katika historia ya Kilwa yenyewe. Maana kama kuna mji katika pwani yetu ulioishi kwa wageni wa mbali, basi mji huo ni Kilwa.

Tuanze Kisiwani. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake. Sultani wa wakati huo alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Ibn Battuta anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amezivaa, na sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Masharifu walisafiri kutoka Iraki na Hijazi kuja kumwona. Sultani huyu ndiye anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa, jumba la vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali la bahari, ambalo halikumalizika kujengwa.

Alipofariki alirithiwa na ndugu yake, Daud, ambaye tabia yake ilikuwa kinyume. Mwombaji akimjia, humwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa. Wageni walikaa miezi mingi wakapata kidogo, na mwishowe, asema Ibn Battuta, watu wakaacha kwenda mlangoni kwake.

Nilipoisoma habari hii mara ya kwanza nilidhani inamtetea mpwa wangu: anayetumia hupata wageni, na anayebana mkono huwakosa. Lakini nilipoifikiri tena niliona kwamba inahusu aina moja tu ya wageni. Waliokoma kuja kwa Daud ni wale waliokuwa wakifuata zawadi. Wenye majahazi walikuwa na safari nyingine. Wao walifuata dhahabu ya Sofala, iliyopitia mikononi mwa Kilwa, na pembe za ndovu, na walikuja kwa sababu chombo kiliweza kushuka na kaskazi na kurudi na kusi bila kupoteza mwaka mwingine. Mfanyabiashara wa namna hiyo haletwi na joho la sultani. Huletwa na faida na upepo.

Tena sifa ina hatari yake, kwa kuwa haichagui inayemwita. Sifa ya dhahabu ya Kilwa iliwafikia Wareno pia. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wa Kilwa kulipa kodi, na mwaka 1505 Francisco de Almeida akaja na merikebu zake, akauteka mji na kuupora. Wareno wakajenga ngome, wakaiacha mwaka 1512. Hao nao walikuwa wageni waliolisikia jina la Kilwa wakaja. Basi kuhesabu wanaofika si sawa na kuhesabu wateja.

Sasa tuvuke bahari twende bara, Kilwa Kivinje, ambako biashara ilihamia karne ya kumi na tisa. Huko bidhaa haikuja na upepo bali ilikuja kwa miguu, kwa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa. Wayao ndio waliokuwa mabingwa wa njia hizo. Zamani walikuwa wakipeleka pembe zao kwa Wareno katika Kisiwa cha Msumbiji, lakini kuelekea mwisho wa karne ya kumi na nane biashara yao kubwa iligeukia Kilwa, kwa sababu kwa Wareno ushuru ulikuwa mzito na bei hairidhishi. Hakuna mpiga mbiu aliyewageuza. Waligeuzwa na hesabu waliyoifanya wenyewe njiani.

Hata hivyo, watu wa pwani hawakukaa barazani kungoja. Msafara ulikuwa na hiari ya kuchagua bandari, na ukishaingia mjini ulikuwa na hiari ya kuchagua nyumba. Kwa hiyo katika miji ya Mrima wenye mali walituma watu wao kuwalaki wasafiri njiani, wakawapa zawadi, chakula na mahali pa kulala, ili mizigo ishuke kwao na si kwa jirani. Gharama hizo zilitolewa kabla ya pembe hata moja kupimwa. Nyakati nyingine zilirudi na faida, nyakati nyingine msafara ulikula wali wa tajiri huyu kisha ukamwuzia yule.

Sipendi kuipamba biashara ile. Pamoja na pembe na sandarusi, waliofikishwa Kivinje kwa miguu walikuwa wanadamu waliofungwa, na mji ule ulikuwa miongoni mwa bandari kubwa za kuuza watumwa hadi Sultani Barghash alipolazimika kutia saini mkataba wa kuizuia biashara hiyo mwaka 1873, nayo haikuisha siku ile. Ninaitaja kwa sababu moja tu: swali la mpwa wangu lilikwisha kuulizwa katika pwani hii, na watu waliolijibu kwa mali zao. Je, inafaa kumlipia mgeni kabla hajanunua?

Naona kwamba tangu zamani pwani imejua njia mbili za kulipia mteja. Ya kwanza ni ya mpiga mbiu. Yeye hulipwa kwa kupiga, watu waje wasije. Ya pili ni ya dalali. Huyu hapati kitu mpaka mali iuzwe, na ujira wake hutoka katika bei. Kwa mpiga mbiu hasara yote ni ya mwenye mali. Kwa dalali, hasara ya kushindwa kuuza wanaigawana.

Tangazo la kulipia kwa mbofyo limekaa katikati ya hayo mawili. Mwaka 1998 kampuni ya Kimarekani ya GoTo.com, iliyoanzishwa na Bill Gross, ilianza kuwauzia watangazaji nafasi katika majibu ya utafutaji kwa mnada, wakilipia kila mbofyo. Google ilifungua huduma yake ya matangazo mwaka 2000, ikitoza kwa idadi ya mara tangazo linapoonyeshwa, kisha mwaka 2002 nayo ikaingia katika mnada wa mbofyo, ikitazama pia kama watu wana mwelekeo wa kulibofya tangazo lenyewe. Hapo mwenye duka halipi kwa kelele, kama kwa mpiga mbiu. Lakini pia hangoji mauzo, kama kwa dalali. Analipa mguu wa mgeni unapogusa kizingiti. Kutoka kizingitini hadi kwenye sanduku la fedha, hasara yote ni yake.

Na hapo ndipo laki tatu zangu zilipopotelea. Kampuni ya utafutaji sitaitaja, kwa kuwa ilifanya ilichoahidi. Kila mbofyo ulimgharimu mpwa wangu kama shilingi 500, na kwa wiki chache alipata mibofyo 600. Waliolala kwake kutokana na mibofyo hiyo walikuwa watatu, wakalipa jumla ya shilingi 160,000, kabla ya kutoa sabuni, umeme na chai ya asubuhi. Aliponionyesha orodha ya maneno ambayo watu waliyaandika kabla ya kubofya, nilicheka nikahuzunika. Wengi walikuwa wakiuliza nani alijenga Msikiti Mkuu wa Kilwa, au wakitafuta picha za magofu, ambayo tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Walikuwa wanafunzi wenye kazi ya shule. Mpwa wangu alilipia wapita njia wa Abu al-Mawahib.

Kati ya wale watatu, mmoja alisema alielekezwa na mfanyakazi mwenzake aliyewahi kulala pale. Aliandika jina la nyumba ili apate namba ya simu, akabofya cha kwanza alichokiona, na cha kwanza kilikuwa tangazo. Mgeni huyo alikuwa njiani tayari, na mpwa wangu akamlipia nauli ya hatua ya mwisho ambayo angeitembea bure.

Kosa hilo si la wadogo peke yao. Mwaka 2012 kampuni ya eBay, ambayo ilikuwa ikitumia fedha nyingi sana kwa matangazo haya, ilijaribu kuyasimamisha ili ione kitakachotokea. Wachumi Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis walichapisha matokeo mwaka 2015. Waliokuwa wakiandika jina la eBay waliendelea kuingia kama kawaida, kwa kupitia majibu yasiyolipiwa. Wateja wa mara kwa mara hawakupungua kununua. Waliobadilika kwa sababu ya matangazo ni wageni na wale waliokuwa wakinunua kwa nadra.

Wengine husoma habari hiyo wakasema matangazo haya ni kazi bure. Mimi naisoma vingine. Inasema kwamba tangazo halimsaidii mwenye jina kwa watu wanaomjua tayari, bali humsaidia kwa asiyemjua. Na mfanyabiashara mdogo ni nani, ila yule ambaye watu wengi hawamjui? Kwa hiyo dawa ile ile isiyomfaa tajiri inaweza kumfaa fukara, mradi aipime kwa kijiko na si kwa ndoo. Ubaya ni kwamba fukara hawezi kukosea mara nyingi. Tajiri akipoteza anaandika ripoti, mwenye vyumba sita akipoteza anauza kitanda.

Mpwa wangu alijaribu tena, safari hii kwa fedha zake. Aliacha kulipia neno Kilwa peke yake, akalipia maneno ya mtu anayetafuta chumba Kilwa Masoko, akazuia maneno ya historia na picha, na jina la nyumba yake hakulilipia kabisa. Akatangaza mwezi mmoja, akasimamisha mwezi uliofuata. Katika mwezi wa kusimamisha, wateja wake wa siku zote hawakupungua: watumishi wa serikali, madereva, wanunuzi wa ufuta. Hao huletwa na kazi na barabara, na naamini Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, limemletea wageni wengi kuliko tangazo lolote. Waliopungua ni watu wa Dar es Salaam na wa nchi za nje waliokuja kutembea, wasiokuwa na ndugu wala mwenyeji hapa. Hawakuwa wengi, lakini hao hukaa siku mbili tatu, nao walirudisha gharama zao na kuacha kidogo.

Basi nimerudi kwa wazee na methali yao, na sithubutu kusema walikosea. Kizuri hujiuza kwa aliyekiona. Ila nyumba iliyo mwisho wa barabara, katika mji ambao mgeni hajawahi kuukanyaga, mtu huyo atakionaje? Hapo ndipo penye nafasi ya kulipia, nayo ni nafasi nyembamba: ni kwa yule asiyekujua, anayetaka hasa ulicho nacho, ambaye asingefika vinginevyo. Nje ya hapo ni kulisha msafara utakaomwuzia jirani.

Laki tatu zangu amenirudishia kwa mafungu, ijapokuwa nilimwambia aziache. Juzi nilipita kwake nikakuta daftari mezani, limefungwa kalamu kwa uzi. Kila mgeni akijiandikisha huulizwa ametujuaje. Nikalifunua, nikasoma kurasa tatu. Wachache waliandika kwamba wameona mtandaoni. Wengi waliandika neno moja tu: nimeelekezwa.