Lwiro: Jumba la Wataalamu, Makao ya Sokwe

Majengo haya ya jirani na Miti, chini ya mlima Kahuzi, mashariki mwa Kongo, Wabelgiji waliyajengea IRSAC, taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati iliyoundwa mwaka 1947. Hawakubana matumizi: ingia maktaba ujionee. Hapa Lwiro watafiti walichunguza mimea, wanyama na matetemeko ya ardhi. Hospitali ya kando ilipokea watoto wenye kwashakoo, maradhi ya utapiamlo, ingawa udongo wa hapa una rutuba tele. Baada ya uhuru taasisi iligeuka CRSN, kituo cha sayansi asilia. Tangu 2002 Lwiro hulea pia sokwe mtu na kima yatima, waliookolewa mikononi mwa wawindaji haramu na wachuuzi. Ukija kuwaona, usiipite maktaba.